Soma uzito kabla ya kulipa



Juma hili tutaongea habari ya kitu kidogo sana, ambacho kila jamaa hukiingiza nyumbani bila kukitazama. Ni namba iliyochapwa juu ya mfuko wa unga, juu ya kopo la samaki, juu ya bidoni ya mafuta. Mama anarudi kutoka dukani, anafungua mfuko, anamimina unga, na mfuko mtupu unapewa watoto wachezee. Wengi wetu husoma jina la kitu, hutazama picha yake, huuliza bei, basi. Namba ile haisomwi. Lakini namba ile ni ahadi. Mwenye kiwanda anasema: « Nimetia humu kilo moja. » Aliyeisoma ahadi anaweza kumdai aliyeitoa. Asiyeisoma atadai nini?

Tena tunayo sababu ya kulifikiri jambo hili sasa kuliko zamani. Tarehe 8 Aprili 2022, mjini Nairobi, nchi yetu ya Kongo ilitia sahihi mkataba wa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tarehe 11 Julai mwaka ule ule ikawa mwanachama kamili. Leo Jumuiya hiyo ina nchi nane. Bidhaa zinazoshushwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam hufika Bunia, Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie. Na pamoja na bidhaa huja kanuni za namna ya kuziandika. Ni vema baba, mama na mwanafunzi wazijue kanuni hizo, maana hazikuandikwa kwa ajili ya matajiri peke yao.

Vipimo vya wazee

Mtu asidhani kwamba wazee hawakujua kupima. Katika pwani ya Waswahili nafaka ilipimwa kwa kibaba. Vibaba viwili vilifanya kisaga, na vibaba vinne vilifanya pishi. Vitu vya mizani vilihesabiwa kwa wakia, kwa ratili na kwa frasila. Pembe za ndovu na karafuu ziliuzwa kwa frasila, ambayo ilikaribia kilo 16. Nguo ilipimwa kwa mkono, toka kiwiko hata ncha ya kidole. Misafara ya biashara ilipofika Ujiji na kuvuka ziwa Tanganyika hata kwetu, maneno hayo yalivuka pamoja nayo, na hata leo tunasema kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Vipimo hivyo vilifaa, kwa sababu muuzaji na mnunuzi walionana uso kwa uso. Sokoni mambo ni vilevile hata leo: mama anauza maharagwe kwa kopo, mchele kwa bakuli, mihogo kwa fungu. Kopo laonekana. Mnunuzi analitazama likijazwa, anaomba kilele kiongezwe kidogo, na muuzaji anacheka na kuongeza. Hapo hakuna ubaya wowote.

Lakini mfuko uliofungwa ni jambo lingine. Macho hayapenyi ndani yake. Aliyeujaza yuko mbali, pengine ng'ambo ya bahari, wala hutaonana naye kamwe. Hapo ndipo macho yanapohitaji msaada wa namba. Na namba nayo yahitaji kipimo ambacho aliyejaza na anayenunua wanakifahamu kwa namna moja.

Kilo ilifikaje kwetu?

Huko Ulaya nako, zamani kila mkoa ulikuwa na ratili yake na kipimo chake cha nafaka, na jina moja liliweza kutaja uzito huu katika mji mmoja na uzito mwingine katika mji wa jirani. Wenye kupata hasara walikuwa wakulima na maskini, kwani wao hawakuwa na karani wa kuwapigia hesabu. Nchini Ufaransa sheria ya tarehe 7 Aprili 1795 iliweka mita, lita na grama. Utaratibu huo huitwa metriki, nao una uzuri mmoja mkubwa: kila kitu huongezwa au kugawanywa kwa kumi, kwa mia au kwa elfu. Grama elfu ni kilo moja, na mililita elfu ni lita moja. Mtoto anayejua kuhesabu hata elfu amekwisha kujua karibu yote.

Tarehe 20 Mei 1875 nchi 17, Ubelgiji ikiwa mojawapo, zilitia sahihi mjini Paris Mkataba wa Mita. Kongo ilipokea vipimo hivyo mwaka 1910. Kwa hiyo wazee wetu walijifunza kilo na lita shuleni, na majirani zetu wa Rwanda na Burundi vilevile. Bali ng'ambo ya ziwa, katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, watu walihesabu kwa ratili, galoni, inchi na maili. Mfanyabiashara aliyetoka Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, akavuka kwenda Kigoma, alitoka katika nchi ya kilo akaingia katika nchi ya ratili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Kenya, Uganda na Tanzania nazo zilianza kuacha vipimo vya Waingereza na kushika metriki. Basi Rwanda na Burundi zilipoingia katika Jumuiya mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022, zilikuta lugha ya vipimo imekwisha kuwa moja. Lililobaki ni kuisema lugha hiyo kwa uaminifu, na kuisikia vizuri.

Namba bila kipimo haina maana

Mwalimu akimwuliza mwanafunzi: « Safari ni ndefu namna gani? » naye akajibu: « Kumi », mwalimu atauliza tena: « Kumi nini? » Ndivyo ilivyo juu ya mfuko. Namba bila jina la kipimo haisemi kitu. Na namba yenye jina lenye maana mbili ni mbaya zaidi.

Tazameni neno « galoni ». Galoni ya Waingereza ni lita 4 na mililita 546. Galoni ya Marekani ni lita 3 na mililita 785 tu. Jina ni moja, lakini vitu ni viwili. Ukinunua galoni tano za mafuta ukidhani ni za Waingereza, utatazamia lita 22 na zaidi. Zikiwa za Marekani, utapata karibu lita 19. Zaidi ya lita tatu na nusu zimepotea, wala hakuna aliyesema uongo. Ndiyo maana kibandiko, ambacho wengine huita lebo, lazima kitaje lita.

Kuna habari moja ya kweli ambayo wanafunzi wataipenda. Tarehe 23 Julai 1983 ndege kubwa ya Air Canada ilikuwa ikiruka kutoka Montreal kwenda Edmonton, nayo ilipitia Ottawa. Wakati ule nchi ya Kanada ilikuwa ikihama kutoka ratili kwenda kilo. Ndege ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Mashine ya kuonyesha mafuta ilikuwa imeharibika, basi wafanya kazi na marubani walipiga hesabu kwa mkono, lakini walitumia namba ya kugeuza lita kuwa ratili badala ya namba ya kugeuza lita kuwa kilo. Hivyo ndege iliondoka na ratili 22,300, yaani chini ya nusu ya mafuta yaliyotakiwa. Ilipofika juu sana, karibu mita 12,500, mafuta yalikwisha na injini zote mbili zikazimika. Kwa bahati rubani alikuwa na ujuzi wa kurusha ndege zisizo na injini, akaiteremsha mahali paitwapo Gimli, katika uwanja wa zamani wa ndege za jeshi. Watu 69 waliokuwamo walipona wote. Makosa yenyewe hayakuwa makubwa mbele ya macho: namba ile ile, ila jina la kipimo lilikuwa lingine.

Kanuni inasema nini?

Mwaka 2006 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya viwango, ubora wa vitu, vipimo na majaribio. Shabaha yake ni kwamba kiwango kikisha kutangazwa kuwa cha Afrika Mashariki, kila nchi ikipokee kiwe chake bila kukigeuza, ili mfuko mmoja usiandikwe namna tano kwa mipaka mitano. Kiwango cha vibandiko vya vyakula vilivyofungwa huitwa EAS 38. Hakikuzuliwa peke yake. Chafuata kanuni za vyakula za mataifa yote, ziitwazo Codex Alimentarius.

Mambo makuu kuhusu kiasi ni haya:

Kwanza, kiasi kilichomo ndani lazima kiandikwe kwa vipimo vya metriki: grama na kilo, mililita na lita.

Pili, chakula cha majimaji huandikwa kwa lita au mililita. Chakula kigumu huandikwa kwa uzito. Kilicho katikati, kama vile asali au nyanya za kusagwa, chaweza kuandikwa kwa njia moja au nyingine.

Tatu, kinachohesabiwa ni chakula peke yake. Uzito wa kopo, wa chupa au wa mfuko haumo. Kwa hiyo juu ya vitu vinavyofika kwetu mtaona maneno « Poids net » au « Net weight ». Maana yake ni uzito halisi wa kilichomo.

Nne, chakula kilichotiwa ndani ya maji au supu, ambacho mtu humwaga maji kabla ya kula, chapaswa kutaja pia uzito wa chakula bila maji. Tuseme kopo la maharagwe limeandikwa grama 400, na chini yake grama 240. Chakula chako ni grama 240. Grama 160 zilizobaki ni maji ya chumvi. Namba ya pili ndiyo itakayoshibisha watoto.

Pamoja na hayo, kibandiko hutaja jina la chakula, vitu vilivyochanganywa, jina na anwani ya mwenye kukitengeneza au kukiingiza nchini, na tarehe ya mwisho ya kukitumia. Mfuko usio na anwani ni kama barua isiyo na sahihi: likitokea jambo, hutajua pa kwenda.

Siyo kwetu tu

Nchi nyingine nazo zilipitia njia hii, tena kwa taabu. Marekani, ambako ratili na galoni zingali zikitumika kila siku, tangu mwaka 1994 vitu vingi vya dukani vimeandikwa vipimo viwili pamoja, vya Kimarekani na vya metriki. Katika Ulaya, kanuni ya mwaka 1980 iliziagiza nchi za umoja wao zitumie metriki. Uingereza ilichelewa. Vitu vilivyofungwa viligeuzwa mwaka 1995, na vitu vinavyopimwa mbele ya mnunuzi viligeuzwa mwaka 2000. Mwaka huo muuzaji mmoja wa matunda wa mji wa Sunderland, Steven Thoburn, aliendelea kuuza ndizi kwa mizani ya ratili tupu. Alishitakiwa, akahukumiwa mwaka 2001, na alipokata rufani alishindwa mwaka 2002. Watu wengi wa nchi yake walimwonea huruma, wakasema kwamba mteja mzee anaijua ratili na kilo haijui.

Neno lao lilikuwa na kweli ndani yake. Kipimo ambacho bibi hakifahamu hakimsaidii bibi. Kwa hiyo mwaka 2009 nchi za Ulaya zilikubali kwamba kipimo cha zamani chaweza kubaki kando ya metriki bila kikomo cha miaka, mradi metriki iwepo. Nasi tuchukue fundisho hilo. Mama muuzaji haachi kopo lake kwa sababu ya kanuni. Lakini akijua kwamba kopo lake la maharagwe lina kilo moja na grama kadhaa, atajua pia kama tajiri anayemletea gunia anamwibia. Apime mara moja kwa mizani ya kweli, akumbuke namba, kisha aendelee na kopo lake.

Gunia si kipimo

Hapo tugeukie upande wa mkulima, maana mizani haimlindi mnunuzi tu. Katika Kenya na Tanzania watu wanajua sana neno « lumbesa ». Ni gunia lililojazwa hata mdomoni, kisha likashonewa kichwa kingine cha nyavu au cha majani, likajazwa tena. Mchuuzi humwambia mkulima: « Ninanunua kwa gunia. » Bei ni ya gunia moja, lakini gunia limevimba. Mkulima wa viazi anatoa kilo nyingi juu ya zile alizolipwa, na mpagazi anavunjika mgongo. Kenya ilitoa kanuni mwaka 2019 kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Tanzania nayo hukataza lumbesa. Kanuni hizo hazikuweza kufuta desturi kwa siku moja, kwa sababu mkulima aliye peke yake na mwenye haja ya fedha hana nguvu ya kumkatalia mchuuzi. Lakini wakulima wa kijiji kimoja wakinunua mizani moja ya shirika, na kukubaliana kuuza kwa kilo, mchuuzi atapima au ataondoka mikono mitupu.

Hila ndogo ndogo za dukani

Sasa tuingie dukani pamoja. Hila nyingine si wizi mbele ya sheria, lakini hutoa fedha katika mfuko wa asiyesoma.

Mifuko miwili ya sukari imesimama bega kwa bega, sawa kwa urefu na kwa rangi. Mmoja wauzwa faranga 3,000, mwingine faranga 2,800. Mama anachukua wa pili, akifurahi kuokoa faranga 200. Lakini wa kwanza umeandikwa kilo moja, na wa pili grama 900. Gawanyeni: 2,800 kwa 900, kisha zidisheni kwa 1,000. Kilo ya mfuko wa pili inagharimu zaidi ya faranga 3,100. Mfuko ulioonekana rahisi ndio ulio ghali. Viwanda vingine hufanya hivyo hivyo na kitu kinachojulikana na watu: bei haipandi, picha haibadiliki, ila grama zinapungua kimya kimya. Aliyezoea kusoma namba ataona siku ile ile.

Hila nyingine iko katika mafuta ya kupikia. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Lita moja ya mafuta ina uzito wa karibu grama 920. Basi bidoni ya lita 20 ina mafuta ya kilo 18 na nusu hivi, na bidoni ya kilo 20 ina karibu lita 22. Mtu akisema « bidoni ya ishirini », umwulize: ishirini lita, au ishirini kilo? Tofauti yapita lita moja na nusu, nayo ni mafuta ya siku nyingi kwa jamaa ndogo.

Tena tazameni namna ya kuandika. Alama ya kilo ni kg, kwa herufi ndogo. Ya grama ni g. Ya mililita ni ml. Ya lita ni l au L. Ukikuta « Kgs » au « gms », ujue aliyeandika hakufuata utaratibu. Pengine ni uzembe tu. Lakini mwenye uzembe katika maandishi, umtazame mara mbili katika mizani.

Je, mfuko upungue kiasi gani?

Mashine ya kujaza mifuko si mkono wa malaika. Mfuko mmoja utazidi kidogo, mwingine utapungua kidogo. Kwa hiyo wataalamu wa vipimo wa mataifa wamepatana juu ya mpaka. Kwanza, mifuko mingi ikipimwa pamoja, wastani wake usiwe chini ya namba iliyoandikwa. Pili, upungufu wa mfuko mmoja mmoja una kikomo chake: kwa mfuko wa grama 500 hata kilo moja, kikomo ni grama 15, kwa gunia la kilo 25, ni grama 250. Ni mifuko michache sana inayoruhusiwa kuvuka kikomo hicho, wala hakuna hata mmoja unaoruhusiwa kupungua mara mbili yake.

Basi usigombane na mwenye duka kwa grama tano. Lakini kilo ya unga ikikosa grama mia, hilo si kosa la mashine. Na gunia la kilo 25 likikosa kilo mbili, mtu amelifungua akalishona tena. Tazama mshono. Rudi dukani na gunia lenyewe pamoja na stakabadhi, useme kwa upole na bila kuficha. Usiposikilizwa, iko Office Congolais de Contrôle, ambayo watu huiita OCC. Kazi yake ni kuangalia bidhaa na vipimo katika nchi yetu. Mtu mmoja akilalamika ataambiwa ngoja. Watu kumi wakileta magunia kumi ya alama moja watasikilizwa upesi zaidi.

Mahali pasipo na mchezo

Kuna mahali ambapo kusoma namba si shauri la fedha, bali la uhai, nako ni chupa ya dawa. Dawa ya maji ya mtoto huandikwa kwa mililita. Kijiko kidogo cha dawa ni mililita 5, na kijiko kikubwa ni mililita 15. Lakini vijiko vya jikoni havilingani: kimoja huchukua kidogo, kingine huchukua zaidi sana. Mama aliyeambiwa « vijiko viwili » akachukua kijiko cha supu, amempa mtoto mara tatu ya dawa iliyoamriwa. Tumieni kifuniko chenye mistari au bomba dogo lililomo ndani ya sanduku la dawa, na mwulizeni mwuguzi: « Mililita ngapi? » Tena msichanganye mg na ml. Ile ya kwanza ni miligrama, uzito wa dawa yenyewe. Ya pili ni ujazo wa maji yake. Mililita tano za chupa hii zaweza kuwa na dawa maradufu ya mililita tano za chupa ile.

Namna ya kujaribu mizani

Mtu atasema: « Nimesoma namba, lakini nitajuaje kama mizani ya kupimia ni ya kweli? » Hapa metriki inatupa zawadi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na tofauti yake ni ndogo mno. Chukueni chupa ya maji ya kunywa isiyofunguliwa, iliyoandikwa lita moja na nusu. Ipimeni. Kisha mnywe maji, mkaushe chupa, mpime chupa tupu pamoja na kifuniko. Ondoeni uzito wa pili katika uzito wa kwanza. Mkipata kilo moja na nusu, au karibu kabisa, mizani ni ya kweli. Msipopata, jaribuni kwa chupa ya kiwanda kingine kabla ya kumhukumu mtu, maana yawezekana chupa ndiyo iliyodanganya. Walimu wanaweza kulifanya jaribio hili darasani kwa nusu saa, na watoto hawatalisahau.

Hesabu za wanafunzi

1. Sabuni ya grama 250 yauzwa faranga 1,000, na ya grama 400 yauzwa faranga 1,500. Ipi ni rahisi kwa kilo?

2. Kopo la samaki limeandikwa grama 425, na bila supu grama 280. Makopo manne yana samaki grama ngapi?

3. Bidoni ina mafuta ya kilo 4 na grama 600. Ikiwa lita moja ni grama 920, ni lita ngapi?

Majibu: (1) ya pili, kilo ni faranga 3,750, na ya kwanza ni 4,000, (2) grama 1,120, (3) lita 5. Aliyepata zote tatu na aende sokoni pamoja na mama yake, awe karani wake.

Neno kwa wauzaji

Mwisho tuseme neno na wale wanaouza. Wengi wenu mnanunua gunia kubwa, mnagawanya katika mifuko midogo, mnaiuza. Kazi hiyo ni halali, na wasio na fedha nyingi wanaihitaji. Lakini mfuko mdogo uliofungwa na mkono wako ni ahadi yako sasa, si ya kiwanda tena. Andika uzito wake kwa wino: 250 g, 500 g. Mteja akipima nyumbani akaukuta sawa, atarudi kesho na kumleta jirani. Akiukuta umepungua, hatasema neno, ila atapita mbele ya meza yako akitazama upande wa pili.

Amri ya saba haikutaja kilo wala grama. Aliyeiba gunia na aliyeiba konzi moja katika kila mfuko wa maskini, wote wawili wamechukua kisicho chao. Na huyu wa pili pengine amechukua zaidi, kwa kuwa amechukua kila siku na kwa watu wengi. Serikali itapima magunia mpakani, na Jumuiya itaandika viwango. Lakini mfuko unaofika mezani kwako, mpimaji wake wa mwisho ni wewe. Basi kesho dukani, kabla ya kutoa faranga, geuza mfuko, tafuta namba, soma na alama iliyo karibu nayo. Kisha ulipe.